Nilimuua mama yangu kwenye e-mail ya shule, nusura mwanangu akose chuo

Wakuu habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nimeshawaitikia.

Naandika huku nacheka peke yangu. Hapa ofisini kwangu Al Muraqqabat, Dubai, Mbangladeshi wa duka la jirani ameshachungulia mara mbili kuona kama nimerukwa na akili. Nimemwambia good news, bhai, good news. Kaondoka bado hajaamini.

Ninachosimulia kimenikuta mimi, sijakiokota popote. Anayebisha aje, shahidi yupo nyuma yangu, kakaa juu ya boksi la mashuka anakula visheti.

Ni mama yangu mzazi. Na yeye ndiye marehemu wa uzi huu.

Subirini, mtaelewa.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tano, kwetu Tanga. Elimu yangu Form Four, na matokeo msiniulize, maana mtihani niliufanya na mimba nimeificha ndani ya sweta. Baba wa mtoto akaenda kununua vocha hadi leo hajarudi. Tuachane naye.

Dubai nilikuja kwa kazi za ndani, nikahamia salon Satwa, sasa nina kiofisi changu cha mizigo. Watu wa nyumbani wananiagiza vitu, napaki, nasafirisha. Nikapata uwezo wa kumleta mwanangu. Tunamwita Shani, ana miaka kumi na saba. Flat tunashea na Mkenya mmoja, Mama Keziah, security kwenye hoteli. Yeye na mimi ni kama pua na mafua, lakini bila yeye nisingefika hapa.

Sasa Shani ana kichwa. Sijui alikitoa wapi, kwangu hapana. Shule yao ni ya mfumo wa Kimarekani, na kuanzia Grade 9 hadi 11 ripoti zake zilikuwa A tupu. Nilikuwa naziweka kwenye plastiki kama hati ya kiwanja.

Ndoto yake ni chuo kimoja nje ya nchi hii, sitakitaja. Ni vile vyuo vigumu, wanaomba maelfu wanachukua wachache, na ukipita wanakulipia na ada. Mwaka huu ndio mwaka wa kuomba, maana yuko Grade 12.

Kwa wasiojua: vyuo vya aina hii haviangalii mtihani mmoja kama kwetu. Vinaangalia miaka yote minne ya sekondari. Halafu katikati ya Grade 12 shule inawatumia ripoti mpya, ili waone unamaliza vipi. Yaani hata ukiwa umekimbia vizuri namna gani, wanakaa mwisho wa njia wanakuangalia unavyohema.

Na mwanangu alianguka hapo hapo.

Ilianza mwezi wa tisa. Mtoto anarudi shule analala na uniform. Hali chakula. Hachani nywele. Chemistry aliyokuwa anaifundisha wenzake, test ya kwanza D.

Mimi nikafanya nini? Nikapiga kelele.

Nikamnyang'anya simu. Nikajua ni mvulana. Nikapekua begi. Nikamwambia nilivyolala jikoni kwa watu chini ya meza ya kupigia pasi ili yeye asome, na yeye analeta uvivu. Maneno hayo yote nilimtupia, na yeye alikuwa anasema neno moja tu: "Samahani mama."

Kila siku samahani mama. Ingekuwa ni jeuri ningejua pa kuanzia.

Kisha akaanza kushindwa kwenda shule kabisa. Leo hayupo, kesho hayupo, wiki ikapita. Shule ikaniandikia e-mail: tunaomba cheti cha daktari, au sababu.

Cheti nitoe wapi? Nikamwambie daktari nini, mtoto hana homa, hakohoi, hatapiki? Na kusema mwanangu kalala tu anaangalia ukuta, niliona haya. Niseme kweli. Niliona haya mimi.

Hapa wakuu ndipo nilipofanya kosa, na wenzangu mliofanya kazi Gulf mtanielewa kabla sijamaliza sentensi.

Sisi tuliofanya kazi za ndani tuna ufunguo wetu mmoja wa ruhusa. Ukiumwa, madam anakupa Panadol anakwambia yalla, kazini. Ukichoka, arbab, yaani bosi, haelewi hilo neno. Lakini bibi akifa, madam anashika kifua, anasema khalas, habibti, pumzika leo. Mimi peke yangu nimemzika bibi mzaa baba mara tatu kwa waajiri watatu. Mama Keziah ana shangazi aliyekufa miaka miwili mfululizo, mwezi wa kumi na mbili.

Kwa hiyo vidole vyangu viliandika vyenyewe. "Dear Miss, Shani grandmother is die. She is very sad. Sorry."

Nikabonyeza send, nikaenda kupaki mizigo.

Sikujua kumbe wale watu wana moyo! Siku ya tatu ikaja bahasha kubwa. Ndani kadi, ina maua ya rangi ya zambarau, na darasa zima wameandika pole. Kila mtu na maneno yake. Mtoto mmoja wa Kihindi kaandika shairi.

Shani akaisoma kadi yote, taratibu. Akaniangalia.

"Mama, umemuua bibi?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya shule tu.

"Bibi nimeongea naye jana, anaanika muhogo."

Akajifunika shuka.

Wiki iliyofuata, asubuhi, ndipo nilipoamka usingizini, na simaanishi usingizi wa kitandani.

Basi la shule liko chini, dada wa basi ananipigia: Mama yalla, two minutes, traffic! Shani yuko bafuni. Mama Keziah amesimama mlangoni na taulo begani, anagonga.

"Wee Mama Shani, huyu msichana ako huko since saa kumi na moja! Na hata maji siskii ikimwagika. Kwani anaoga na hewa?"

Nikasema nitamtoa kwa kofi.

Mama Keziah akanishika mkono. Hakucheka. "Usimguse. Hebu fungua pole pole. Mimi ndugu yangu alianza hivi."

Nikafungua kwa sarafu. Shani amekaa kwenye ukingo wa sinki la kuogea, uniform imevaliwa nusu, soksi moja mkononi. Mkavu. Akanitazama akasema, "Mama nimejaribu. Sijui nianze na mguu upi."

Saa nzima na nusu. Soksi moja.

Basi la shule nililiambia liende. Ofisi sikufungua. Nikamvalisha ile soksi mimi mwenyewe, kama alivyokuwa na miaka miwili, tukaenda hospitali.

Daktari mama wa Kimisri. Alinitoa nje akazungumza naye muda mrefu. Aliponiita ndani akaniambia ni depression. Sonona, kwa Kiswahili chetu. Nikamuuliza, doctor, lakini nimempa kila kitu. Akaniambia, "Mama, hata mtoto wa kisukari unaweza kumpa kila kitu, na bado akaumwa." Akaandika dawa, akaandika na ratiba ya kuongea na mtaalamu kila wiki.

Nikapeleka habari kwenye group la familia. Weee! Mmoja kasema jini la baharini. Mmoja kasema sonona ni ya Wazungu, sisi tunapata tu mawazo. Mmoja, huyu nitamkumbuka mpaka naingia kaburini, akasema "watoto wa nje ndivyo walivyo." Nilimjibu kwa sauti ya dakika nne. Admin akanitoa. Sijaomba kurudishwa na sitaomba.

Aliyeelewa ni mmoja tu, marehemu.

Mama yangu alipiga simu akasema, "Mimi nilipokuzaa wewe sikutoka chumbani miezi mitatu. Walisema nina deko. Mpe mtoto salamu, mwambie nakuja." Nikamtafutia visit visa. Mwezi wa kwanza akatua, na kilo kumi za visheti na mkeka. Mkeka wa nini Dubai sijui mpaka leo.

Naomba nisiwadanganye kwamba bibi alifika na ugonjwa ukatoka mlangoni. Hapana. Dawa zilichukua wiki nyingi. Kuna siku Shani alikuwa mzima, kesho yake chini tena. Lakini bibi alikuwa na kitu kimoja mimi sikuwa nacho: hakumuuliza chochote. Anakaa mkekani, anasuka ukili, Shani analala pembeni. Basi. Taratibu mtoto akaanza kushika ukili. Kisha kitabu.

Lakini ripoti ya katikati ya mwaka ilikuwa imeshafungwa. Chemistry D. Calculus D. English C. Mtoto wa A tupu.

Shule ikaniita siku ya wazazi. Counsellor wao, huyo ndiye anayesimamia maombi ya vyuo, ni mtu mpole, sauti kama anaongea na mgonjwa. Nitamwita Miss. Bibi akang'ang'ania kuja, eti lazima amsalimie mwalimu wa mjukuu wake. Akavaa buibui jipya, akabeba kopo la visheti.

Mimi akilini sikuwa na habari. Nawaapia. Miezi mitatu imepita, uongo wangu nilishausahau, ndiyo ubaya wa uongo uliouzoea.

Tunaingia tu, Miss akamkumbatia Shani. Akauliza kwa Kiingereza, huyu mama mzuri ni nani?

Shani: "My grandmother, Miss."

Miss akatabasamu. "Wa upande wa baba?"

Damu ikanishuka hadi kwenye kandambili.

Shani akanitazama mimi. Halafu akasema, wazi kabisa, "No, Miss. Ni yule yule."

Bibi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, anaona watu wamesimama tu, akafungua kopo akamsogezea. "Karibu mwalimu, chukua." Miss akachukua kisheti kimoja kwa vidole viwili, kama mtu anayepokea kitu kutoka upande wa pili wa kaburi.

Tukakaa. Na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa moto niliouwasha.

Miss alikuwa ameshatuma barua yake vyuoni. Ndani kaandika, kwa huruma zake zote, kwamba Shani aliteleza kwa sababu ya msiba wa bibi yake mpendwa.

Na Shani naye, kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza jambo lolote unalotaka wajue, alikuwa ameshaandika ukweli. Mistari sita tu. Kwamba ameugua sonona, anatibiwa, alama zimeshuka, na anainuka. Hakuniambia kwa sababu alijua nitamfutisha. Na kweli ningemfutisha.

Kwa hiyo chuo kimepokea karatasi mbili za mtoto mmoja. Moja inasema bibi kafa. Nyingine haina bibi wala jeneza.

Miss akaniambia, sasa bila ile sauti ya upole, kwamba kwa alama hizi ingekuwa busara Shani ashushe matarajio, aombe vyuo vyepesi. Akaongeza kuwa wengine wenye ugonjwa kama huo huwa hata hawauelezi kwenye fomu, wanapita kimya.

Nilifura. Nikamwambia Miss, alama zimeshuka, mtoto hajashuka! Nilitaka kuongeza mengine, bibi akanikanyaga mguu. Haelewi lugha lakini anaielewa sura yangu.

Baada ya siku nane chuo kikaandika. E-mail fupi, adabu tele. Tumeona tofauti kati ya maelezo ya mwombaji na ya shule. Tumeona pia alama zimeshuka sana. Tunaomba ufafanuzi ndani ya wiki moja.

Shani aliisoma mara moja akaweka simu chini. Nikaona ile sura inarudi. Ile ya soksi. Nikaogopa kuliko siku zote, maana safari hii aliyemwangusha nilikuwa ni mimi.

Jioni ile tukakaa kikao, wanawake wanne na mkeka mmoja.

Mama Keziah ndiye wa kwanza: "Si useme tu aliyekufa ni gogo wa side ya babake? Si ako na bibi wawili kama kila mtu? Hao wazungu wata-check wapi? Case closed."

Wakuu, nilishawishika. Ingekwisha pale pale. Uongo mdogo juu ya uongo mdogo, kila mtu salama. Mdomo ulishafunguka.

Mama yangu hakuinua hata uso, anasuka tu. "Mimi nimeshakufa mara moja sikulalamika. Huyo bibi wa upande wa baba, mama wa watu, mwacheni. Na huyu mtoto ndiye pekee humu ndani aliyesema kweli, mnataka mumgeuze yeye awe mwongo?"

Shani akaanza kulia. Siku zote zile za ugonjwa hakuwahi kulia, alikuwa mkavu. Nikaingiwa na hofu, bibi akasema mwacheni, hiki ni kilio cha hasira, hiki kizuri.

Na kweli alikuwa na hasira. Akaniambia, "Mama, uliona afadhali bibi afe kuliko mimi niumwe."



Nikachukua daftari la mizigo, nikageuza ukurasa, nikaandika kwa Kiswahili. Nikamwambia Shani atafsiri neno kwa neno na asinipambe. Nawawekea kama ilivyokuwa:

"Mimi ni mama yake Shani. Bibi yake hajafa, yuko hapa anasuka mkeka. Aliyedanganya shule ni mimi. Si Shani, na mwalimu wake alidanganywa na mimi. Nilidanganya kwa sababu niliona haya kusema mwanangu ana ugonjwa usioonekana. Niliona kifo kina heshima zaidi. Shani aliwaambia kweli kabla yangu, tena bila ruhusa yangu. Zile alama mbaya ni zake. Na zile A za miaka mitatu ni zake pia. Sasa anatibiwa, barua ya daktari nimeambatanisha, kwa ruhusa ya Shani. Mkiwa na hasira, nikasirikieni mimi. Mkitaka kumwona bibi tutapiga video."

Kesho yake nikaenda kwa Miss, nikamwomba radhi uso kwa uso. Sikuipenda hiyo safari hata kidogo. Yeye naye, nampa haki yake, akaandika barua mpya, akaambatanisha na alama za mwezi ule: Chemistry B, Calculus C, zinapanda. Akaniambia, "Ungeniambia mwanzo ningejua kumsaidia." Nikamwambia na wewe usimwambie tena mtoto mgonjwa ashushe matarajio. Tukapeana mikono.

Siku mbili baadaye chuo kikajibu. "Tumepokea. Asanteni kwa ukweli. Mpeni bibi salamu zetu."

Bibi akauliza, hao wanaonisalimia ni kina nani? Tukamweleza. Akasema waambieni wa alaikumu salaam, na waharakishe majibu.

Hawakuharakisha. Katikati vyuo viwili vingine vikamkataa, hawakusema kwa nini. Shani alikaa chini siku mbili, siku ya tatu akavaa soksi zake zote mbili akaenda shule. Mimi nilisherehekea zile soksi kuliko cheti chochote.

Na jana, wakuu. Jana!

Niko hapa ofisini nafunga boksi, Shani kaingia mbio na begi mgongoni, hapumui. Nikajua mtoto kafukuzwa. Akanipa simu. Naona "Congratulations" halafu sioni tena, macho yamejaa maji.

Amepata. Chuo chenyewe! Ada yote wanalipa wao. Masharti ni mawili: amalize mwaka alama zisianguke tena, na kama afya itahitaji, anaruhusiwa kusubiri mwaka mmoja nafasi isipotee. Yaani wamemkubali na ugonjwa wake, wameuwekea na kiti.

Bibi akapiga vigelegele, jengo zima likasikia. Yule Mbangladeshi akaja mbio, uso umempauka. "Sister, somebody die?"

Nikamwambia hapana bhai. Mwaka huu kwetu hafi mtu.

Mama Keziah alitoka kazini moja kwa moja na uniform yake ya security, akacheza hapa kati ya maboksi mpaka redio yake ya kiunoni ikaanza kumwita. Akawajibu, "Over, niko na emergency."

Sasa wazazi wenzangu, haswa mlio ughaibuni. Mtoto akishuka ghafla, usianze na simu wala mvulana. Mpeleke kwa daktari. Na kwenye maombi ya chuo usifiche, wala usiandike hadithi ndefu ya kulia. Mistari michache: nini kilitokea, natibiwaje, nimefikia wapi. Mtoto, mzazi na shule mseme kitu kimoja, na kiwe cha kweli. Sisemi kila chuo kitaelewa, nimewaambia viwili vilimkataa. Lakini kilichokaribia kumkosesha nafasi si zile D. Ni mimi na haya zangu.

Na anayesema sonona ni ya Wazungu aje hapa ofisini. Nina hasira zimebaki, sijui pa kuzipeleka.

Ile kadi ya pole nilitaka kuitupa asubuhi hii. Bibi kaninyang'anya. Kaibandika ukutani juu ya mizani ya mizigo, kamlazimisha Shani amtafsirie jina moja moja, hadi shairi la yule mtoto wa Kihindi. Anasema watu wazuri kama hawa lazima awajue. Wiki ijayo anarudi Tanga na anaondoka nayo, ataifunga ndani ya mkeka.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye mtoto aliyepitia haya aseme, na mwenye swali la maombi ya vyuo aulize, Shani kakubali kujibu mwenyewe. Na wale wa Gulf, semeni kweli leo: mmeshamuua bibi mara ngapi? Mimi nimeacha.